Mabao Manane Katika Wavu wa Baba

Nilidanganya nikiwa nimenyosha mkono juu, mbele ya Padri, chini ya msalaba wa darasa, kando ya wenzangu watatu walionijua vizuri. Tulikuwa moniteri, ndivyo walivyoitwa waliofundisha madarasa ya wadogo. Padri alikuwa ameuliza nani kati yetu anajua mpira wa miguu, kwa sababu patronaji ilikosa mtu. Patronaji ilikuwa kikundi cha watoto wa misheni yetu ya Masisi. Kila Jumatano na Jumapili alasiri walikusanywa waimbe, wacheze, na wasipate nafasi ya kwenda kuiba miwa. Kazi nyingine iliyokuwa inatafuta mtu siku ile ilikuwa ya tanuri la matofali. Nikaitazama mikono yangu, nikaionea huruma, nikanyosha mmoja.

"Wewe mutu wa pori?" Padri akauliza. "Kule kwenu Walikale iko kiwanja?"

"Nilichezaka Goma, Mompe."

Mompe ndivyo tulivyomwita. Mwenzangu mmoja alishikwa na kikohozi ambacho asubuhi ile hakuwa nacho.

Ukweli ni kwamba Goma nilikuwa nimefika mara moja, juu ya kamyo iliyobeba mbao. Dereva alisimama kando ya kiwanja akaenda kutafuta maji ya injini, na kwa muda wa kuvuta sigara mbili nikawaona watu wakiukimbiza mpira. Niliona kuna wavu kila upande. Niliona mtu amesimama mbele ya wavu mmoja. Mpira ukamjia kwa nguvu, akaudaka, akaukumbatia kifuani, na watu wote wakampigia makofi. Kisha dereva akarudi, tukaondoka. Shule yangu ya mpira iliishia hapo.

Lakini wavu, huo niliujua. Mimi ni mtoto wa msituni, na baba yangu alikuwa mwindaji wa nyavu. Kwetu mnasimika nyavu ndefu kwa mduara, kila mtu na wa kwake, halafu wanawake na watoto wanashuka kutoka upande wa pili wakipiga kelele na kupiga vichaka, na wanyama wanakimbilia nyavuni. Mwenye wavu anasubiri kimya nyuma ya mti. Na sheria iko moja tu, hata mtoto wa miaka mitano anaijua: mnyama aliyenaswa kwenye wavu wako ni wako. Hata kama aliyemfukuza ni mimi, hata kama mbwa ni wangu, wavu ndio unaosema.

Sasa unganisha mambo hayo mawili kama nilivyoyaunganisha mimi. Kila timu ina wavu wake. Kuna mtu wa kuusubiri mpira, na akiupata anapigiwa makofi. Kwa hiyo kazi ya timu ni kuufukuza mpira mpaka uingie katika wavu wao wenyewe, na kazi ya wapinzani ni kuwazuia. Nililifikiria jambo hilo usiku mzima, wala sikuona kosa. Nikuambie kweli, hata leo naona mchezo wangu ulikuwa na akili kuliko wenu.

Ningeweza kuuliza mtu. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa. Mwaka ule nilikuwa moniteri wa majaribio, bila diploma, na mwisho wa majaribio Padri angesema neno moja tu: abaki, au aende. Kijana aliyeambiwa aende alikuwa na njia moja, maana kapita wa machimbo ya bati, msimamizi aliyekusanya wafanyakazi, alipita kila mara na karatasi yake akiandika vijana wasio na kazi. Kaka yangu mkubwa aliandikwa hivyo. Alirudi nyumbani na vidole viwili mkono wa kulia na kifua kinacholia kama mlango mbovu. Niliapa kwamba jina langu halitaingia katika karatasi ile, na kama njia ya kulizuia ni mpira, basi nitaujua mpira.

Likizo ilipofika nikashuka kwetu kumwomba baba nyavu mbili za zamani.

"Kule Masisi bantu balimaliza miti yote wakalima maharagi," akasema. "Mutawinda nini na wavu? Maharagi?"

"Mupira, Papa."

"Na ile nyama inaliwa?"

"Hailiwe. Inahesabiwa."

Alitikisa kichwa, lakini nyavu alinipa, na majani yake pia. Desturi ilikuwa kutafuna yale majani na kuutemea wavu kabla ya kuwinda, ili usilale njaa. Mimi nilikuwa nimebatizwa na ninafundisha katekisimu. Niliyafunga katika leso, chini kabisa ya sanduku, na nilipozisimika zile nyavu kwenye kiwanja cha misheni nilitema kwa haraka, huku najifanya nimemeza mdudu.

Kiwanja chetu kilichongwa ubavuni mwa kilima. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa udongo, upande wa pili ulikuwa hewa, na chini ya ile hewa lilikuwa shamba la maharagwe la mama mmoja aliyerusha mawe kwa shabaha nzuri sana. Mpira wa ngozi ulikuwa mmoja, wa Padri, na ulitoka kabatini siku za sikukuu tu. Siku nyingine tulicheza na mpira wa majani makavu ya migomba, uliofungwa kwa kamba mpaka ukawa mgumu kama kichwa cha mwanafunzi wangu wa nyuma.

Watoto walikuwa kumi na mmoja, wa familia za wakulima wa pale pale, na hakuna aliyewahi kuona mechi. Niliwafundisha vile nilivyofundishwa kuwinda. Kukimbia na mpira, nikawaambia, ni kukimbia kama mboloko, yule swala mdogo wa kwetu, ambaye haendi mbio moja kwa moja hata siku moja. Anakata kushoto, anakata kulia, anasimama ghafla, mbwa wanapita. Niliwapangia vijiti vya mtama ishirini kwa mstari, wakapita katikati na ule mpira wa migomba, mguu wa kulia wakienda, wa kushoto wakirudi. Aliyegusa kijiti alikuwa ameliwa na mbwa, na alipaswa kubweka. Kwa juma la kwanza misheni yote ilijaa kubweka. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa sisikii mbwa hata mmoja.

Kupeana mpira niliwafundisha kwa mluzi, maana msituni huiti mtu kwa jina lake, mnyama asije akajua mko wangapi. Kila mtoto alikuwa na mluzi wake wa ndege. Waliweza kupeana mpira bila kutazamana, ti-ti-tiii, na umefika. Nasema hili kwa majivuno kabisa: wale watoto walikuwa wazuri. Isipokuwa tu walikuwa wanakwenda upande usiofaa.

Mtoto niliyempa wavu alikuwa wa miaka kumi hivi, mwenye pengo mbele na maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuupokea mpira. Nilimfundisha kufungua mikono, kuukaribisha, na kama umekuja bila nguvu, kuubeba mwenyewe na kuuweka ndani taratibu. Alifanya kazi ile kwa heshima kubwa. Mpira ukiingia alikuwa anausemesha: "Karibu, ingia, ikala," yaani kaa.

Utauliza Padri alikuwa wapi. Alikuwa kwenye barza, ule ukumbi wa mbele ya nyumba yake, mbali, na kitabu chake cha sala na miwani yake. Tulipogawanyika pande mbili, kila upande ukafukuza mpira kwenda kwao, yeye kutoka kule aliona mpira unaingia wavuni na watoto wanaruka kwa furaha. Nani ni wa nani hangeweza kujua, wote walivaa kaptula zile zile. Na kwao Padri hakuwa mtu wa mpira, alipenda mashindano ya baiskeli. Alikuwa anainua mkono na kupiga kelele "Vizuri sana!" na mimi nainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mwongo mkubwa.

Basi ikaja Alhamisi ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Patronaji ya upande wa Kibabi ilialikwa, wakaja kwa miguu na padri wao kijana aliyeleta filimbi. Baada ya misa watu wakajaa juu ya ule ukuta wa udongo. Padri wetu aliwekewa kiti. Na kando ya kiti chake, amekunja miguu na karatasi yake imechungulia mfukoni, alikaa kapita wa machimbo. Kamyo yake ilikuwa imeharibika njiani na alikuwa anasubiri itengenezwe mpaka Jumatatu.

"Moniteri," akaniambia, "majaribio yako inaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Basi tutaonana," akasema, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonitia baridi.

Filimbi ikalia. Watoto wangu wakapata mpira wa ngozi, wakaugeuza, wakaanza kurudi nao kwetu. Wageni hawakuelewa wanakimbilia nini. Ti-ti-tiii, mluzi huku, mluzi kule, chenga kama vijiti vya mtama, na yule mwenye pengo akafungua mikono. "Karibu, ingia, ikala." Wavu wa baba ukacheza. Watoto wangu wakarukiana shingoni. Mimi nikaruka pia, nikarusha kofia.

Halafu nikaona wageni nao wanaruka.

Kulikuwa na ubao wa darasa wa kuandikia mabao, na katekista wa wageni ndiye aliyeshika chaki. Akaandika moja upande wao. Nikaenda kumsahihisha kwa adabu.

"Papa, umekosea. Ile iko yetu."

"Yenu namna gani? Imeingia kwenu."

"Njo maana iko yetu."

Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Moniteri," akasema polepole, "unafunga kwa wenzako. Kwako unakataza. Ni nani alikufundishaka?"

Sijui niliondoka pale kwa miguu ya nani. Niliona kila kitu kwa mara moja: yule mtu wa Goma, mpira kifuani, makofi. Walimpigia makofi kwa sababu aliukataa. Miezi mitatu, watoto kumi na mmoja, na mimi nilikuwa nimewafundisha kwa bidii yote kujimaliza wenyewe.

Sasa ndipo linakuja jambo ambalo bado linaniuma. Ningeweza kupiga kelele palepale, "Upande mwingine!" Neno moja lingetosha. Lakini Padri alikuwa pale, na kapita alikuwa pale na karatasi, na kupiga kelele hivyo kungekuwa kutangaza kwamba sikuwahi kujua. Nikafunga mdomo. Nikasimama mikono nyuma, natabasamu, nikawaacha watoto wangu wachekwe. Walifunga la pili, zuri kuliko la kwanza. Walifunga la tatu. Watu juu ya ukuta walikuwa wanalia kwa kucheka, mama wa maharagwe ameshika mbavu, na watoto wangu, maskini, walidhani wanashangiliwa, wakazidi kujitahidi. Wageni walipoona kazi inafanyika bila wao, wengine walikaa chini kwenye majani. Dakika za mwisho mmoja wao aliona aibu, akaja akafunga moja mwenyewe, na wetu akamkaribisha vilevile, "Ikala."

Nne kwa bila. Filimbi ya mapumziko.

Watoto wakanizunguka wakitoa jasho na meno nje.

"Moniteri, iko ine!" akasema mwenye pengo. "Hata ile ya wageni iliingia kwetu."

"Niliona."

"Yule padri wa filimbi anasema tubadilishe pande. Tutoe wavu yetu tuende nayo?"

Nikamtazama. Kisha nikautazama wavu wa baba, na hapo nikapata wazo ambalo mpaka leo najisifu nalo nikiwa peke yangu. Kama pande zinabadilishwa, basi wavu uliokuwa wetu sasa ni wa wapinzani. Na kama watoto wangu wataendelea kuufukuza mpira kwenye wavu ule ule, vile vile, bila kubadilisha kitu chochote, watakuwa wanafunga sawasawa na dunia nzima. Sikuwa na haja ya kuwafundisha mchezo mpya. Nilikuwa na haja ya kuwaacha tu.

"Wavu inabaki pale pale," nikasema. "Ninyi mutafukuza mupira kwa ile ile. Musifuate bantu, mufuate wavu. Munasikia?"

"Tunasikia."

"Ila wewe," nikamwambia mwenye pengo, "utaenda kusimama kwa ile ya kule. Na pale kusiingie kitu."

"Juu ya nini?"

"Ile iko wavu ya wageni. Ikiingia, nyama iko yao."

Akafikiri. "Sasa Moniteri, tutawanyima wageni nyama? Siku ya sikukuu?"

"Leo njo vile."

Hakupenda. Lakini alikwenda.

Kipindi cha pili nilikiona nikiwa nimechuchumaa kando ya mstari. Walikuwa wamezoea kupita katikati ya vijiti ishirini, na sasa wageni walikuwa wanangoja upande usiofaa, wakidhani tutakimbilia tena wavu wetu wenyewe. La kwanza liliingia kabla wageni hawajageuka. Kicheko kilikatika juu ya ukuta. La pili lilipigwa na mtoto mdogo kuliko wote, baada ya chenga ambayo kama ingekuwa vijiti vya mtama, hata kimoja kisingetikisika. Mwenye pengo naye alikuwa anapigana na mazoea yake. Mpira wa kwanza uliomjia aliufungulia mikono, nikafumba macho; nilipofumbua alikuwa ameulalia tumboni, anausemesha, "Hapana, rudia kwenu, hatuna nafasi." La tatu. La nne lilipatikana padri kijana akiwa tayari ameweka filimbi mdomoni.

Nne kwa nne.

Wageni walitushika mikono, watu wakashuka kucheza ngoma, na kwa dakika kadhaa niliamini nimepona. Kisha Padri akasimama. Akawaita watoto, wakapanga mstari kama wa shule, na mimi pembeni.

"Kipindi cha kwanza mulifunga kwenu," akasema. "Nani aliwafundisha vile?"

Walikuwa wameshaelewa. Sijui ni lini, labda wageni waliwaambia wakati wa kushikana mikono, lakini niliona machoni mwao. Kapita alikuwa nyuma ya Padri, amesimama, na kila mtoto wa kilima kile alijua karatasi ile ni ya nini. Wengi walikuwa na kaka au baba mdogo ndani yake.

"Hakuna muntu, Mompe," akasema mwenye pengo. "Tulisahau."

"Ulisahau wewe?"

"Tulisahau bote."

"Wote kumi na mmoja, siku moja, jambo moja?"

"Ndiyo, Mompe," wakaitikia, kwa sauti ileile waliyotumia kwenye katekisimu.

Padri akanigeukia. "Moniteri?"

Nilikuwa na nafasi ya pili, na hii ilikuwa wazi kuliko ile ya kwanza. Nikafungua mdomo. "Walisahau, Mompe," nikasema.

Ijumaa yote watoto wale walipalilia shamba la kabichi la misheni, kama adhabu ya usahaulifu. Nilikwenda kupalilia nao, nikijifanya nimepita tu. Hakuna aliyenisema. Mwenye pengo alinionyesha mstari ambao ardhi yake ilikuwa laini, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Sasa, wale wanaojua mambo ya misheni watakuwa wameshanitangulia. Baada ya Ijumaa inakuja Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya kuungama. Nilifika kanisani saa tisa nikawakuta kwenye benchi, wote kumi na mmoja, wamenyoosha migongo. Walikuwa wamesema uongo kwa padri, kwa hiyo wasingeweza kukomunika Jumapili bila kuutaja. Na padri wa kuungamia alikuwa mmoja tu, yule yule.

Nilikaa mwisho wa benchi na kuwatazama wakiingia mmoja mmoja nyuma ya pazia. Kila mmoja alikaa muda uleule. Kila mmoja alitoka, akapiga magoti, akasema Salamu Maria tano. Nilizihesabu kwa midomo yao. Mwenye pengo alipotoka alinipigia mluzi wake mdogo, hapo hapo kanisani. Mara kumi na moja Padri alikuwa ameambiwa habari zangu, na kwa sheria ya kiti cha maungamo hakuweza kuzitumia hata mara moja. Niseme ukweli, kabla ya kusikia majuto nilisikia furaha. Majuto yalikuja nilipopiga magoti mwenyewe.

Nilisema yote. Goma, kamyo ya mbao, sigara mbili. Nilisema nilivyofunga mdomo mara ya kwanza, na nilivyoufungua vibaya mara ya pili. Nilisema hata yale majani, maana nilikuwa nimeshafika huko.

"Na mupira," sauti ikauliza nyuma ya wavu mdogo wa mbao, "ulichezaka hata siku moja?"

"Hata siku moja, Mompe."

Akakohoa kwa muda mrefu. Nilikijua kikohozi kile, kilikuwa ndugu wa kile cha mwenzangu siku ya kwanza.

"Malipizi yako," akasema, "utaenda mbele ya watoto, utawaambia kwa kinywa chako kwamba haukujua. Wote wakiwepo."

Ningependa Salamu Maria elfu. Jumapili, baada ya nyimbo za patronaji, niliwasimamisha mbele ya wavu wa baba, nikawaambia: sikujua mchezo huu, niliwadanganya, mlichekwa kwa sababu yangu, mkapalilia kwa sababu yangu, na nilipoulizwa niliwaacha peke yenu. Niliwaomba msamaha kama mtu anavyowaomba wakubwa zake.

Kisha mwenye pengo akanyosha mkono, kama darasani.

"Moniteri, kwenu wavu ya muntu inahamaka kati ya mawindo?"

"Haihame."

"Ile siku ya wageni, mu hii wavu mupira iliingia mara ngapi?"

Nikahesabu. Tatu zetu za kwanza, moja ya mgeni, nne za mwisho. "Munane."

"Na ile ya kule?"

"Hakuna."

Akawageukia wenzake. "Basi tulishinda munane kwa bure," akasema, na hukumu ikapita bila kupingwa. Wawili kati yao, sasa ni wazee, bado wako hai, na ukiwauliza watakuambia hivyo hivyo.

Jumatatu kamyo ya kapita ikapanda kilima. Nilikuwa darasani nafundisha kujumlisha, mlango uko wazi, na niliwaona kwenye barza, Padri na kapita na ile karatasi. Kapita alinyosha kidole upande wangu. Nilijua kwamba Padri hakuweza kunitoa kwa yale aliyoyasikia Jumamosi, lakini yale aliyoyaona kwa macho yake Alhamisi, watu wakilia kwa kucheka, hayo yalikuwa yake, na yalitosha. Wanafunzi nao walikuwa wanasikiliza.

"Yule wa mupira," kapita akasema. "Naona haina kazi hapa."

Padri alivua miwani, akaifuta kwa kanzu yake, akairudisha.

"Umeona ile mechi?" akasema. "Watoto kumi na mmoja wanamusikia hata akiwaonyesha njia ya kupotea. Nimekaa nchi hii miaka mingi, kwangu hawanisikie hivyo hata nikiwaonyesha ya mbinguni. Huyu anabaki. Tafuta mwingine."

Kapita akakunja karatasi. Mimi nikawageuzia watoto mgongo, nikaandika hesabu ubaoni kwa muda mrefu, hesabu isiyokuwa na maana yoyote, mpaka macho yangu yakauke.

Jumatano ile Padri alishuka kiwanjani kwa mara ya kwanza. Alikuwa amechomeka kanzu mshipini, na kwapani ameshika mpira wa ngozi, ingawa haikuwa sikukuu. Akauweka katikati.

"Haya, Moniteri," akasema. "Wavu yetu iko wapi?"

Nikanyosha kidole. Nilikuwa na uhakika safari hii. Nyuma yangu nikasikia mluzi mdogo, na nilipogeuka, watoto wote kumi na mmoja walikuwa wamenyosha vidole upande mwingine, huku wamebana vicheko.